Mwalimu Aliyechora Vipimo kwa Mkaa

Alikuwa akifunika sufuria za watu. Hilo ndilo la kwanza nililolijua juu yake. Akipita uani, akaona sufuria ya mtu inachemka wazi, hapigi hodi wala haombi ruhusa. Anaokota kifuniko, anafunika, anaendelea na njia yake. Mara ya kwanza nilimfuata na upawa mkononi.

"Wewe baba, hiyo sufuria umeikuta kwa mama yako?"

"Unapasha moto hewa, mama," akasema. "Hewa haikukuomba."

Akaenda zake. Mimi nikaifunua tena kwa ukaidi, mkaa ukaisha maharage hayajaiva, nikamlaani yeye.

Pale Hell-Ville, mjini kwetu kisiwani, walimwita Mwalimu, basi. Kwetu sisi wa asili ya Komoro, anayesomesha watoto Kurani tunamwita fundi, na neno hilo hutamkwa kwa adabu. Huyu hakuwa fundi. Alikuwa mtu wa serikali, mtu wa nyanda za juu, Mkristo, aliyeletwa kisiwani Nosy Be kusomesha fizikia katika shule ya sekondari. Mimi niliuza mokary mbele ya lango la shule hiyo, vile vikate vya mchele na nazi vinavyopikwa kwenye kikaango chenye mashimo, na yeye alipanga chumba katika ua uleule niliokaa. Asubuhi nilimwona akiwa mwalimu, jioni nikamwona akiwa mtu. Miaka sita. Tuliongea Kimalagasi cha pwani, naye akikivunjavunja kwa lafudhi ya kwao. Hapa namwandika kwa Kiswahili cha mama yangu, ambacho kwetu kimebaki chuoni na msikitini kuliko sokoni.

Alikuwa mwembamba, na shati lake lilikuwa na chaki begani siku zote kwa sababu alijikuna na chaki mkononi. Hakukimbia hata siku moja. Mvua ya Januari ya Nosy Be haisubiri mtu. Watu wote wanakimbilia barazani, yeye anakuja polepole, maji yanamchuruzika puani. Alisema ukipanda kilima mbio au ukikipanda taratibu, kazi ni ileile, tofauti ni upesi wake, na upesi ndio unaoua watu. Kazi, na upesi wa kazi. Hivyo viwili hakutaka mtu avichanganye. Ukimwambia mpagazi fulani wa bandarini ana nguvu, amebeba gunia la mchele mpaka juu sokoni, anakuuliza, "Kwa dakika ngapi?" Watu wakachoka naye. Nani anakwenda bandarini na saa kumtazama mpagazi?

Lakini mtu huyohuyo hakujua kuwasha jiko. Wallahi. Alijua joto linatoka wapi, linapita wapi, linaishia wapi, na mkaa ukamshinda. Alipuliza mpaka macho yakawa mekundu, akamwaga mafuta ya taa, moto ukaruka, ukamuunguza nyusi, ukazima. Mwisho nilimtuma Zaliha, binti yangu, ampelekee makaa mawili ya moto kwenye koleo kila alfajiri. Akashukuru, kisha akamweleza mtoto kwa nini koleo lina moto kwenye ncha na mpini una ubaridi. Mtoto akachelewa kurudi. Kila alfajiri akachelewa kurudi. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, kwenye koleo.

Siku moja alinikuta ninatwanga. Akasimama, midomo inacheza kama mtu anayevuta uradi. Akaondoka, akarudi na rula ya shule na mizani ya jirani yangu muuza vitunguu. Akaupima mchi uzito, akapima ninaunyanyua kiasi gani, akahesabu mapigo kwa saa yake. Nilimwacha, nikidhani anataka kuninunulia mchi mpya.

"Mama Zaliha," akasema, "wewe ni taa ya wati ishirini na tano."

"Taa?"

"Taa ndogo. Ya chooni."

Jirani yangu akacheka mpaka akakaa chini. "Na mimi je, Mwalimu? Mimi mnene hivi!"

"Wewe sijakuona ukitwanga tangu nihamie hapa. Wewe umezimwa."

Nilinuna wiki nzima. Kisha nikaanza kufikiri. Nimetwanga tangu nina miaka minane, saa mbili, saa tatu kila siku iliyoumbwa na Mungu. Nikamfuata, nikamuuliza, kama mimi ni taa, mwanga wangu wa miaka yote hiyo uko wapi?

Hakucheka. Alikuwa hacheki ukimuuliza swali la kweli. Akasema umo katika mchele uliokobolewa, umo katika kelele za kinu, umo katika joto la mti ukisuguana na mti. Haukupotea hata chembe.

"Basi naweza kuukusanya?"

"Hapana, mama. Haupotei, lakini haukusanyiki."

Alilisema hilo kama mtu anayesema leo ni Alhamisi. Nimesikia hotuba nyingi za Ijumaa, na hakuna iliyonikalia kifuani kama hiyo.

Mtu asidhani alikuwa hajui mambo ya dunia. Aliwapeleka wanafunzi kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya maua ya ilangilangi, wanakoyachemsha maua katika pipa la shaba mpaka mvuke utoke na harufu. Zaliha alinisimulia. Walikuta mkokoteni mzima wa kuni umekwisha, na mafuta yaliyopatikana hayajai chupa moja. Mwalimu akauliza, "Hizo kuni nyingine ziko wapi?" Watoto wakajibu kwa pamoja, "Zimepotea!" Akapiga mguu chini. "Hakuna kilichopotea! Kimetawanyika. Kitafuteni!" Watoto wakaanza kugusagusa: pipa lina moto, matofali yana moto, bati la juu lina moto. Yule mzee anayechochea akawaambia, "Njooni muuguse na mgongo wangu, wajukuu. Nyingine zimo humu." Mwalimu akamwandika na yeye kwenye hesabu ubaoni. Kwa hiyo alijua. Ndiyo maana mpaka leo simsamehe upesi. Alijua.

Sasa nimseme mwanangu, maana bila yeye nisingekuwa na haja ya kumwandika mtu huyu.

Mimi ni mzaliwa wa mji wa Mahajanga. Zilipotokea ghasia za mwisho wa mwaka sabini na sita na watu wa asili ya Komoro wakafukuzwa majumbani, mume wangu alipanda ndege pamoja na waliopelekwa Komoro, nchi ambayo hakuwahi kuiona kwa macho. Mimi nilikataa kupanda. Nilimchukua binti yangu, nikaja Nosy Be kwa dada yangu. Mume hakurudi, wala hakuandika. Nikabaki na kinu, kikaango cha mokary, na Zaliha.

Alipofika umri wa kunisaidia kweli, nikamwambia aache shule. Mwalimu akasikia. Akaja, akakaa juu ya kigoda magoti yakiwa masikioni.

"Mtoe kwenye kinu, Mama Zaliha."

"Nani atatwanga? Wewe?"

"Mimi."

Nikadhani ni maneno. Kesho yake akaja amekunja mikono ya shati. Alitwanga mwezi mzima baada ya masomo, mtu wa serikali, na wanawake wa mtaa wakaja kumtazama kama waliokuja ngomani. Mikono ikamtoka malengelenge. Mchele wake ulikuwa nusu chenga nusu unga, na niliuza mokary za aibu mwezi ule. Lakini hakukosa siku. Ndipo akaniambia maneno ambayo niliyashika.

"Ulichotia ndani ya mtoto huyu ni akiba," alisema. "Ni kama jiwe lililopandishwa juu ya paa. Ukilitazama limelala tu. Lakini kazi yote ya kulipandisha imo humo, inangoja."

"Na likianguka?"

"Litaangukia pale unapotaka."

"Mimi sijawahi kuona jiwe likaanguka ninapotaka," nikamwambia. Lakini nikamrudisha mtoto shule, na kutwanga nikatwanga mwenyewe.

Kulikuwa na chuo cha mafundi wa umeme Mahajanga. Anayetoka pale anapata kazi, hilo kila mtu alilijua. Kuingia ni kwa mtihani: siku ya kwanza kuandika, siku ya pili majaribio, kwa vyombo na kwa mikono. Nilitaka jambo moja tu maishani mwangu, nalo ni hili, kwamba Zaliha arudi katika mji uliotufukuza, apite mlango wa mbele wa chuo kile, daftari kwapani, na watu wamwone.

Shule haikuwa na chombo hata kimoja. Palikuwa na kabati, na ndani ya kabati palikuwa na mende. Mwalimu aliandika barua makao makuu aletewe vipimo, akajibiwa kwamba sanduku liko njiani. Kila meli ilipotia nanga alishuka gatini polepole, akapandisha polepole, mikono mitupu. Mwaka wa pili aliacha kushuka. Akaja kwangu.

"Mama Zaliha, niazime ukuta."

Ukuta wa jikoni kwangu, upande wa ua, ulikuwa umepakwa chokaa. Akachukua mkaa baridi kutoka jikoni, akaanza kuchora. Alichora kipimo cha umeme chenye uso wa duara na namba zake. Kipimajoto kirefu kama mtoto wa miaka miwili. Chombo cha kuchemshia maji chenye waya uliojikunja ndani. Alichora vizuri mno. Ungesema utajikata mkono ukigusa kioo. Mishale ya kuonyesha namba aliitengeneza kwa njiti za fagio la mnazi, akaitia misumari katikati ili izunguke. Jirani yangu akasema, "Ukuta wako umeota macho. Usivue nguo hapo."

Basi, Jumamosi wanafunzi wakaja uani kwangu kufanya majaribio. Ilikuwa hivi: Mwalimu anasema, huu hapa waya wa kupasha moto, wati zake kadhaa, maji haya, nusu kilo, yalianza na joto kadhaa, tumewasha dakika kadhaa. Watoto wanainama, wanapiga hesabu. Aliyemaliza anasimama, anakwenda ukutani, anausukuma mshale kwa kidole mpaka kwenye namba aliyoipata. Mwalimu anatazama. Akikohoa, umekosea. Akinyamaza, umepata. Na kila swali alilianza kwa maneno yaleyale: "Tuchukulie kwamba hakuna kinachopotea." Nilikuwa nakuna nazi palepale, nikayahifadhi maneno hayo kama sura fupi.

Siku moja nikamuuliza, "Mwalimu, mbona sufuria zangu zinapasha moto hewa, na za ukutani hazipashi?"

Akajifuta mkaa vidoleni. "Za ukutani ni za mtihani, mama. Mtihani hauna hewa."

Na mwisho wa kila muhula lilikuja daftari la kujaza: je, majaribio yamefanyika? Darasa lisilofanya majaribio lilikuwa linafungwa, watoto wanahamishiwa masomo mengine. Mwalimu akaandika ndiyo, akatia sahihi. Nilimwona, alisainia juu ya meza yangu ya mokary. Sikujua anasaini nini. Nilimwambia tu asimwage wino.

Walikwenda Mahajanga watano. Zaliha alikuwa msichana peke yake. Siku ya kuandika walipita wote watano, habari ikaja kwa simu ya shule, na jirani yangu akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nikachinja kuku kabla ya wakati wake. Huo ndio upumbavu wangu, nami nauandika.

Zaliha alirudi na akalala siku tatu amegeukia ukuta. Siku ya nne akaongea.

"Walituwekea chombo, mama. Kilekile. Kina waya ndani, kina maji, kina kipimajoto cha kioo cha kweli. Nilifurahi. Nikasema hiki nakijua tangu zamani."

"Ehe."

"Wakasema anzeni. Nikaangalia wati, nikaangalia maji, nikaangalia dakika. Nikapiga hesabu. Maji yalianza ishirini na saba, kwa hesabu yatafika thelathini na saba. Nikaandika thelathini na saba."

"Na kile kioo kilisema ngapi?"

"Thelathini na nne." Akaukwaruza ukuta kwa kucha. "Nikajua kibovu."

"Ulijuaje kwamba kibovu?"

"Kwa sababu nilikwisha piga hesabu, mama. Nilipiga mara tatu."

Watoto wa Mahajanga, waliozoea vyombo, waliandika thelathini na tatu, thelathini na nne, thelathini na tano, kila mtu na alichokiona, kwa sababu maji yalipasha moto na chombo, yakapasha na hewa. Watano wa Nosy Be waliandika thelathini na saba. Wote. Meza tano mbalimbali, namba moja, na namba hiyo haikuwamo katika kioo chochote mle chumbani. Wakubwa wa mtihani wakasema hii si fizikia, huu ni wizi: watoto wa kisiwani wamepewa jibu kutoka nje. Wakawatoa. Wakawafungia miaka mitano wasifanye mtihani wowote wa serikali. Zaliha alitolewa kwa mlango wa mbele, mchana, watu wakimwona. Mmoja kati ya wale watu alimwuliza jina la baba yake, akalisikia ni la Kikomoro, akasema, "Si nilisema?"

Nilikaa nikingoja Mwalimu asafiri. Nilijua atasafiri. Mtu aliyetwanga mchele mwezi mzima kwa ajili ya mtoto wa mtu hawezi kushindwa kupanda boti. Angekwenda kusema maneno mafupi tu, kwamba watoto hawa si wezi, hawajapata kuona kipimo cha kweli, niliwafundisha kwa ukuta. Wale wakubwa wangekuja wakauona. Ulikuwa pale.

Aliulizwa, kwa barua: je, wanafunzi wako walikuwa wamefanya majaribio kama daftari linavyosema? Akajibu: ndiyo.

Mlinzi wa shule ndiye aliyeniambia. Nilimngoja Mwalimu kwenye mlango wa chumba chake.

"Umesema nini?"

"Nimesema walifanya."

"Walifanya wapi?"

Akatazama miguu yake.

"Nakuuliza. Walifanya wapi?"

"Mama Zaliha, nikisema hapana, nimesaini uongo miaka mitatu. Mimi nitafukuzwa, hilo si kitu. Lakini darasa litafungwa. Wamebaki thelathini. Thelathini wataenda wapi? Fanya hesabu, mama. Watano, na thelathini."

"Mwanangu si tano," nikamwambia. "Mwanangu ni mmoja."

Akalia. Mimi sikulia. Nilichota maji, nikachukua gunia, nikaenda kuosha ukuta. Mkaa uliosuguliwa kwenye chokaa hautoki, unasambaa. Nilisugua mpaka ukuta wote ukawa wa kijivu kama anga la masika, na misumari nikaing'oa kwa meno ya koleo. Alisimama ananitazama. Hakuniambia niache.

Mwaka uliofuata darasa lilifungwa vilevile, kwa sababu nyingine kabisa, walimu walipungua. Wale thelathini walitawanyika. Yeye akahamishwa. Hakuaga, wala mimi sikutoka nje.

Miaka mitano ya kufungiwa si miaka mitano. Ukimfungia msichana akiwa na miaka kumi na minane, unapofungua mlango unamkuta na watoto wawili. Zaliha aliolewa na mvuvi wa Andilana, mtu mwema asiye na maneno, na hoteli za wageni zilipojengwa ufukweni kule akapata kazi ya kufua. Ameinyoosha shuka moja miaka ishirini, ndivyo anavyosema mwenyewe, ni moja tu, inarudi kila asubuhi imekunjamana. Mkono wake wa kulia ni mkubwa kuliko wa kushoto. Hajawahi kumtaja Mwalimu kwa ubaya. Hajawahi kumtaja kwa wema. Wale wengine wanne sitawaeleza. Kila mmoja ana mama yake.

Mimi nilidhani nimezeeka vya kutosha kuacha. Kumbe sivyo. Nilikwenda Mahajanga kwenye msiba wa mtoto wa dada yangu, mtaa wa Ampisikina, na katika maongezi ya matanga mwanamke mmoja akasema nyuma ya nyumba yao amepanga mzee wa nyanda za juu, aliyekuwa mwalimu, mkimya, anashinda njaa ili apate kununua chaki. Nikauliza, "Anafunika sufuria za watu?" Akashangaa, akiniita bibi kwa Kikomoro. "Umejuaje, koko?"

Nilimkuta ameketi kitandani. Alikuwa amekuwa mdogo. Masikio tu ndiyo yaliyobaki saizi yake. Alinitazama mpaka nikafikiri haoni, kisha akasema:

"Mama wa mokary."

"Ni mimi."

"Kaa. Sina kitu cha kukupa."

"Sikuja kula."

Akaniuliza habari za kisiwani. Nikamjibu. Akaniuliza, "Na yule binti yako?"

"Yuko Andilana. Anapiga pasi shuka za wazungu."

Akafunga macho. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno miaka mingi, makali, mengine ya kumtaja mama yake. Nikayakuta yamekauka kinywani. Nikamwambia tu, "Andika."

"Niandike nini?"

"Ulichowajibu wakubwa kilikuwa uongo. Uandike ukweli, utie sahihi. Ulijua kutia sahihi."

Hakubisha. Hilo lilinishtua kuliko kama angebisha. Akaomba karatasi, nikatuma zikanunuliwa dukani karatasi mbili na kalamu. Akaandika kwa Kifaransa, kwa sababu ofisi zinasoma Kifaransa. Aliandika mstari, akapumzika, akaandika mstari. Nilikaa kando yake tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, nikitazama ule wino unavyokwenda, nami Kifaransa sikijui, si kukisema si kukisoma. Aliposita nilimwambia, "Endelea." Mara moja alisimama muda mrefu sana, kalamu juu ya karatasi, akinitazama kama mtu anayetaka kuuliza jambo akaona haya. Nikasema, "Endelea!" kwa ukali. Akainama, akaendelea.

Tukaenda ofisi ya elimu, yeye akinishika bega. Tulimkuta kijana mpole mwenye miwani. Akasoma barua yote, mara mbili, akaivua miwani.

"Babu, bibi, chuo hiki kilifungwa zamani. Kumbukumbu za mitihani ile hazipo. Sina mahali pa kuiweka barua hii."

"Gonga muhuri," nikasema.

"Bibi, muhuri wa nini? Hautabadilisha chochote."

"Gonga, mwanangu," Mwalimu akamwambia. "Tafadhali. Nimechelewa kuja."

Kijana akatutazama sisi wawili, akagonga. Hakutaka kutuaibisha. Tukatoka nje kwenye jua, Mwalimu akanipa karatasi kwa mikono miwili, kama kwao wanavyompa mkubwa kitu. Nilimrudisha mpaka kitandani pake. Sikumwambia nimemsamehe, wala yeye hakuomba. Walimzika kabla ya mvua za mwaka ule kwisha. Habari ilinifikia kisiwani kwa mdomo wa watu.

Lakini karatasi niliifikisha yeye akiwa hai. Nilisafiri nayo kifuani, lori na boti, siku mbili, nikashuka Andilana bila kupita kwangu. Zaliha alikuwa kazini, nyuma ya hoteli, kwenye chumba cha pasi. Nikampa nikiwa nimesimama.

"Nini hii, mama?"

"Soma."

Alifuta mikono kwenye kanga kwanza. Akasoma taratibu, midomo inacheza. Kifaransa chake ni cha hotelini siku hizi. Nilimtazama usoni kama mtu anayengoja mkate uumuke.

"Anasema hatukuiba," akasema.

"Alhamdulillahi."

"Anasema tulikosea kwa sababu yake. Anasema hakukuwa na vyombo."

"Ehe. Kuna muhuri, umeuona?"

"Nimeuona." Aligeuza karatasi, akatazama nyuma, palikuwa peupe. Akairudisha mbele, akaisoma tena kuanzia juu, kidole chini ya kila neno. Pasi ilikuwa imewaka pembeni yake, akainyanyua na kuisimamisha bila kuitazama.

"'Wanafunzi wangu watano,'" akasoma. "Ameandika hivyo mara nne. Wanafunzi gani, mama? Hakumtaja hata mmoja kwa jina."